Annalena wa Wajir

Huenda ukashangaa kuona katika jarida la Ramadhan maisha ya mwanamke wa Italia ambaye hakuwa Muislamu, na mpaka kufa hakusilimu. Usishangae. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka, aliyemwonyesha njia ni Abdullah bin Urayqit, na wakati ule hakuwa Muislamu. Aliaminiwa kwa kazi anayoijua. Na sisi wa huku kaskazini mashariki tuna deni kwa Annalena Tonelli. Waulize wazee wa Wajir, wengi wao watamtaja kwa jina moja tu, Annalena.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 mjini Forlì. Alisomea sheria. Sheria, sio udaktari! Mwaka 1969 akaja Kenya kuwa mwalimu, na 1970 akafika Wajir kufundisha sekondari. Sasa hebu fikiria Wajir ya wakati ule. Mkoa mzima ulikuwa chini ya hali ya hatari tangu 1963, na haikuondolewa mpaka 1991. Barabara ni mchanga mtupu, na mfanyakazi wa serikali akiletwa huku alihesabu kwamba ametiwa adabuni. Madaktari walikuwa wachache, na aliyekuja alikuwa akihesabu siku za kuondoka.

Ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu ni kifua kikuu, ile qaaxo. Na qaaxo ilikuwa aibu. Mtu akikohoa damu familia yaficha, watu wamkimbia. Annalena alianza kuwauguza hao waliokimbiwa, huku akifundisha mchana. Baadaye ndipo akasomea kazi yenyewe: udhibiti wa kifua kikuu hapa Kenya, tiba ya nchi za joto Uingereza, na ugonjwa wa ukoma Uhispania. Kwa hivyo ewe kijana unayeambiwa umechelewa kubadilisha masomo, huyu alikuwa na digrii ya sheria mkononi akaanza upya.

Tatizo la mfugaji lilikuwa hivi. Dawa za zamani zilitakiwa zitumike mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Mgonjwa akipata nafuu baada ya wiki kadhaa, mvua imenyesha kwingine, ngamia wanahama, naye ahama. Ugonjwa unarudi, tena umezoea dawa. Kumlaumu ni rahisi, lakini angefanya nini? Mifugo ndiyo maisha yake.

Mwaka 1976 Annalena akapewa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Dawa mpya kama rifampisini zilikuwa zimefupisha matibabu hadi miezi sita. Yeye na wenzake hawakumlazimisha mfugaji kuishi wodini. Walimpa uwanja ajenge kibanda chake mwenyewe cha miti na mikeka, akae na jamaa zake. Watu wakauita Manyatta ya TB. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mhudumu akimtazama kwa macho, mpaka miezi sita itimie. Miaka ya 1990 shirika hilo hilo likaeneza dunia nzima utaratibu wa kumeza dawa mbele ya mhudumu. Wajir walikuwa wameshaufanya zamani, tena kwenye mchanga.

Februari 1984 ikaja Wagalla. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama kwenye kiwanja cha ndege, wakazuiliwa siku kadhaa juani bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57, manusura wanasema ni maelfu. Annalena alitoka kwenda kuokota majeruhi na maiti porini, na habari ile ikafika nje ya nchi kwa msaada wake na wa rafiki yake Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani. Mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya.

Akahamia Somalia, na vita vilipoanza hakutoka. Alifanya kazi Merca, na alipoondoka, daktari aliyeshika nafasi yake, Graziella Fumagalli, akapigwa risasi akafa hapo hospitalini mwaka 1995. Wewe ungefanya nini? Annalena mwaka 1996 alifika Borama akafungua tena hospitali ya kifua kikuu, ikawa na vitanda kama 250. Wagonjwa wakingoja miezi yao kupita walisomeshwa Qur'an, kusoma na kuandika. Naam, duksi ndani ya hospitali ya mama Mkristo. Akaanzisha pia shule ya watoto viziwi.

Hapa nina neno langu. Hakuolewa, hakuchukua mshahara, alilala saa chache tu, na gharama zililetwa na jamaa na marafiki wa Forlì. Wapo wanaowatajia madaktari wetu mifano kama hii ili wanyamaze. Mimi sikubali. Yeye alichagua, wala hakuwa na mtoto wa kulipiwa karo. Madaktari wa Kenya walipogoma siku 100, kuanzia Disemba 2016, na tena mwaka 2024 kwa ajili ya wale walio mafunzoni, walikuwa wakidai haki ya jasho lao, na dini yetu yajua haki ya mfanyakazi. Na usalama je? Baada ya mauaji ya watu 28 kwenye basi la Mandera Novemba 2014, wahudumu wa afya wengi waliotoka mikoa mingine walikimbia. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa Mandera wakienda kazini, na askari aliyewalinda akauawa. Kila daktari anayeondoka, anayekosa dawa ni mama yako na mama yangu.

Juni 2003 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilimpa Annalena tuzo ya Nansen. Akapokea, akarudi Borama. Si wote waliompenda pale. Wapo waliosema eti analeta ukimwi mjini kwa sababu anawatibu wenye ukimwi. Jioni ya Jumapili tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na miaka 60. Wiki tatu baadaye Ramadhan iliandama, na wengi wa wagonjwa aliowaacha vitandani walikuwa bado na miezi ya dawa mbele yao.