Muhammed Said Abdulla: Bwana Msa tumuanzie kitabu gani?

Kila tunapogusia riwaya za Bwana Msa, wasikilizaji hutuuliza lile lile: vitabu ni saba, sasa mtu aanze na kipi? Wengi wanaouliza ni vijana ambao wazee wao waliwahi kuvisoma skuli, na huko majumba ya Michenzani nakala moja iliyochanika jalada inaweza kupita ghorofa hadi ghorofa bila mtu kujua kuwa kuna vyengine sita. Tumeona jibu haliwezi kutolewa bila kueleza maisha ya aliyevitunga.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa katika idara ya afya ya serikali kama mkaguzi, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka kumi. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, huona uani na kisimani, husikia yanayosemwa na yanayofichwa. Hatudai kuwa hapo ndipo alipozaliwa Bwana Msa, lakini msomaji akikutana na namna anavyoutazama mlango, kikombe au alama ya mguu, hawezi kuacha kuifikiria kazi ile.

Mwaka 1948 aliingia kwenye uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Mwenye kuijua siasa ya Unguja ya miaka ya 1950 atashangaa kidogo hapa, maana magazeti hayo hayakuwa ya upande mmoja: Al Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu na Afrika Kwetu likisema kwa niaba ya Waafrika. Mwaka 1958 akahamia Mkulima, jarida la kilimo, akalihariri mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Ni katika miaka hiyo ya magazeti ndipo hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale iliposhinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Ikatoka kitabu mwaka 1960. Kabla ya hapo hadithi ndefu za Kiswahili zilikuwa zaidi za mawaidha, safari au ngano. Huyu alileta maiti, polisi, na mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni anayetegua kitendawili kwa kufikiri. Mtu huyo ndiye Bwana Msa, na pembeni yake yumo Najum, rafiki anayeuliza maswali ambayo na sisi tungeyauliza.

Kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, hilo halina mjadala: kiko ni kile kile, na Najum anakaa pale pale alipokaa Watson. Wapo wahakiki walioishia hapo. Kwa maoni yetu wamekosa jambo. Mtunzi wa Kiingereza hakuwa na haja ya kushindana na mizimu, ilhali mtu wa Makunduchi alikuwa nayo. Katika riwaya ya kwanza mauaji yanatokea kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa shamba hupeleka nadhiri zao kwa watu wa kale, na jibu jepesi liko tayari kwa kila mtu: mizimu imekasirika. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, iliyotoka 1968, inachukua jina la Giningi, ule mji wa wachawi usioonekana kwa macho ambao watoto wa Unguja na Pemba tumetishwa nao. Msomaji anaingia akitarajia uchawi, na Bwana Msa anamtoa humo hatua kwa hatua, bila kuwadharau wanaoamini, hadi anapomkuta binadamu mwenye sababu za kibinadamu: mali, urithi, nasaba iliyofichwa.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ipo miaka minane, na katikati yake yapo Mapinduzi ya 1964. Baada ya kustaafu alitoa vinne kwa mfululizo, kati ya 1973 na 1976: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa. Hiyo ni miaka ile ile ambayo nyumba za zamani za Ng'ambo zilikuwa zikibomolewa na majumba marefu ya Michenzani yakisimama. Lakini ndani ya riwaya zake mji unabaki ule wa kabla ya Mapinduzi, wa mashamba ya karafuu na mabwana wenye watumishi. Wengine wanamlaumu kwa kimya hicho. Lawama hiyo ina uzito, ingawa kwa kijana aliyezaliwa ghorofani, vitabu hivi ni miongoni mwa sehemu chache anazoweza kuusikia mji ule ukizungumza. Na Kiswahili chake, cha Unguja kwelikweli, kina mizaha mingi kuliko tunavyoambiwa darasani.

Sasa jibu. Kila kisa kinajitegemea, kwa hiyo hakuna atakayepotea akiokota chochote. Hata hivyo tunashauri Mzimu wa Watu wa Kale kwanza, kisha Kisima cha Giningi, maana hapo ndipo mzozo wa akili na hofu ulipo mkali zaidi. Asiyependa mwanzo wa polepole aanze na Siri ya Sifuri. Vile vya katikati vina mafundo mazito ya ndoa na uzazi, na huenda ukahitaji karatasi ya kuandikia nani ni mtoto wa nani. Kosa la Bwana Msa, cha mwaka 1984, kiachwe mwisho. Jina lake halina maana kwa mtu ambaye hajamwona Bwana Msa akipatia mara sita.

Kilikuwa cha mwisho. Muhammed Said Abdulla alifariki Machi 1991.