Kapteni Paul Grüninger, Mwalimu Aliyekuwa Polisi wa Mpakani

 Kamati imetuomba sisi walimu tueleze maisha ya mtu mmoja aliyewatendea wakimbizi mema. Yalitajwa majina ya marais na maaskofu. Sisi tumemchagua polisi. Tunajua wengine mtashangaa, maana njiani wengi wetu tulimwogopa polisi wa mpakani kuliko mvua na njaa.

Paul Grüninger alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa St. Gallen, nchini Uswisi. Alisoma chuo cha ualimu Rorschach, akafundisha shule ya msingi. Alikuwa pia mchezaji wa mpira, na timu yake ya Brühl ilichukua ubingwa wa Uswisi mwaka 1915. Mwaka 1919 aliacha chaki akaingia polisi ya jimbo la St. Gallen, na mwaka 1925 akawa kamanda wake mwenye cheo cha kapteni. Hadi hapo ni maisha ya mtumishi wa serikali kama wengine, mwenye mke, mtoto na mshahara wa uhakika.

Jimbo lake linapakana na Austria, na mpaka ni mto Rhine. Machi 1938 Hitler aliichukua Austria. Wayahudi wakaanza kupigwa, kunyang'anywa mali na kufungwa. Wengi walikimbilia Uswisi, wakivuka usiku katika mkondo wa zamani wa mto huo, karibu na kijiji cha Diepoldsau, ambako maji si mengi. Agosti mwaka huo serikali ya Uswisi ilifunga mpaka na kuamuru wanaokuja bila viza warudishwe. Katika mkutano wa wakuu wa polisi mwezi huohuo, Grüninger alieleza kwamba kwa ubinadamu jambo hilo haliwezekani.

Amri ilibaki amri. Yeye akarudi ofisini kwake na kutafuta njia. Aliyeingia kabla ya mpaka kufungwa aliruhusiwa kubaki. Aliyeingia baada ya hapo alitakiwa kurudishwa. Basi kwenye fomu za watu waliofika baadaye, tarehe ya kuingia iliandikwa ya nyuma. Sisi tuliopanga foleni ya uandikishaji tunajua tarehe moja kwenye karatasi ina uzito gani. (Hatuandiki haya ili mtu aende kuchezea kadi yake ya mgao! Wale hawakuwa wakidai mgao wa pili. Kurudishwa kwao kulikuwa ni kupelekwa kwa waliokuwa wakiwatesa.)

Wageni hao waliwekwa katika kambi iliyofunguliwa Diepoldsau, kwenye kiwanda cha zamani cha kudarizi nguo. Waliotunza orodha na chakula walikuwa watu wa ofisi ya Kiyahudi ya misaada, chini ya Sidney Dreifuss, ambaye binti yake Ruth alikuja kuwa rais wa Uswisi mwaka 1999. Kapteni mwenyewe alitoa fedha mfukoni mwake kuwanunulia nguo za baridi waliokuja mikono mitupu. Waliookolewa ni mamia. Zipo hesabu zinazofika 3,600.

Mambo hayo hayakufichika. Mwaka 1939 alisimamishwa, kisha akafukuzwa kazi. Mahakama ya St. Gallen ilimtia hatiani kwa kukiuka wajibu wake na kughushi nyaraka, ikamtoza faini ya faranga 300. Faini ilikuwa jambo dogo. Kilichomvunja ni kupoteza pensheni na jina. Zilienezwa habari kwamba alikula rushwa na kwamba alikuwa na wanawake wa kikimbizi, mambo ambayo hayakuthibitishwa kamwe. Binti yake ilimbidi akatize masomo atafute kazi. Grüninger aliuza makoti ya mvua na mazulia, akafundisha watu kuendesha gari, na baadaye akarudi darasani kama mwalimu wa kushikilia nafasi za wengine. Sisi tuliofundisha kwa posho ndogo tunaielewa kazi hiyo. Hata hivyo hakujuta, na aliyasema hayo waziwazi alipokuwa mzee.

Mwaka 1971 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimtunuku heshima ya watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha au cheo chao kuwaokoa Wayahudi. Alifariki mwaka uliofuata, 1972, akiwa bado na hatia mbele ya sheria za nchi yake na bila pensheni.

Jamaa zake na watu wengine waliendelea kudai haki. Serikali ya jimbo ilimrudishia heshima mwaka 1993, na mwaka 1995 mahakama ileile iliyomhukumu ilifungua tena kesi na kumwona hana hatia, miaka 23 baada ya kuzikwa. Mwaka 1998 jimbo liliwalipa warithi fidia ya mshahara na pensheni aliyonyimwa. Hawakuigawana. Walianzisha kwa fedha hizo mfuko wenye jina lake, unaosaidia na kutunuku watu wanaotetea haki za binadamu.

Uwanja wa timu yake ya Brühl nao unaitwa kwa jina lake. Na tangu mwaka 2012 jina hilo liko pia kwenye daraja la Diepoldsau, pale ambapo watu walivuka usiku wakiwa wamelowa.