Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania wengi tunaijua, tumeisikia hata kwa mpira. Lakini ukiuliza ni nani aliyeitunga, watu wananyamaza. Alikuwa mwalimu wa kwaya, kama huyu wetu hapa Kesses.

Enoch Sontonga alikuwa Mxhosa wa Afrika Kusini, aliyezaliwa miaka ya 1870. Alifundisha shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, akaongoza kwaya na kuitungia nyimbo. Mwaka wa 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha sala ya kuiombea Afrika baraka. Mwaka wa 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani, mchungaji mmoja Mwafrika alipowekewa mikono. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki, akiwa na miaka thelathini na kitu tu. Rika langu.

Wimbo haukuzikwa naye. Uliimbwa Bloemfontein mwaka wa 1912, siku chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa. Mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Zambia ikachukua sauti yake mwaka wa 1964, na mwaka wa 1994 ukawa wimbo wa taifa kwao Afrika Kusini.

Na mwenyewe je? Kaburi lake lilipotea kabisa. Lilikuja kupatikana Braamfontein, baada ya watu kupekua madaftari na kukuta aliandikwa Enoch, basi. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akazindua mnara hapo, miaka 91 baada ya kifo chake. Inasimuliwa pia kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo huo kwa sumuni.

Mimi nilisomea biashara, na hesabu hiyo inaniuma. Mataifa yalipata wimbo. Nyumba yake ikapata sumuni. Mungu hakumsahau, lakini watu walimsahau.

Wapendwa, tusingojee mnara. Mwalimu wetu wa kwaya anakuja mazoezini kwa nauli yake, tunampigia makofi, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Someni 1 Timotheo 5:18. Nyimbo anazotunga ziandikwe, na jina lake lote juu yake. Na ile nauli, tumpe angali hai.