Fanny Crosby: Aliishi Alivyotunga

Katika kuandaa kijitabu hiki cha jubilii, ilionekana vyema tuwe na ukurasa mmoja wa maisha ya mtu aliyetutangulia katika huduma ya uimbaji. Nimemchagua Fanny Crosby. Huenda wengi wetu hatulijui jina lake, lakini maneno yake tumeyaimba tangu Shule ya Jumapili. Usinipite Mwokozi ni wimbo wake. Ndio Dhamana pia ni wake, na zote mbili zimo katika Tenzi za Rohoni.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 mashambani katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na wiki sita macho yake yaliugua. Daktari wa kawaida hakuwapo, akaitwa mtu mwingine aliyejiita daktari, naye akamwekea mtoto bandiko la moto la haradali machoni. Familia ilisimulia kwamba ndivyo alivyopofuka. Mwaka haukuisha kabla baba yake kufariki, na mama yake, Mercy, akalazimika kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Mtoto akalelewa kwa sehemu kubwa na nyanya yake, Eunice, aliyemweleza kwa maneno rangi za maua, ndege na machweo ya jua. Alifundishwa pia kukariri Biblia, hadi sura tano kwa wiki. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa na Injili zote nne kichwani, pamoja na vitabu vitano vya Musa. Sisi wenye macho mawili hushika makaratasi hata kwa wimbo tuliouimba miaka kumi.

Yule mtu wa haradali alihama eneo hilo, wala hakuonekana tena. Fanny aliishi miaka 94 bila kumwekea kinyongo. Alisema hata angekutana naye angemshukuru, kwa sababu aliamini Mungu alikuwa na kusudi katika giza lake. Mhubiri mmoja alipomhurumia kwa upofu wake, alimjibu kwamba angepewa nafasi ya kuchagua angeomba azaliwe kipofu, ili uso wa kwanza atakaouona uwe wa Bwana wake.

Mwaka 1835 alijiunga na shule ya vipofu jijini New York, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Kama mwalimu mwenzake, napenda kipindi hiki. Kipindupindu kilipoingia jijini mwaka 1849, yeye alibaki shuleni akisaidia kuwauguza wagonjwa. Katika miaka ya 1850 alifika pale kijana karani aliyefiwa na baba yake karibuni. Fanny alimfariji, na kijana naye akawa anamwandikia mashairi yake. Kijana huyo, Grover Cleveland, alikuja kuwa Rais wa Marekani, na urafiki wao haukuisha.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, kipofu mwenzake na mwanamuziki. Walipata mtoto mmoja, akafariki akiwa bado mchanga. Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini mwaka 1868 rafiki yake William Doane alimjia na tuni mpya huku akikimbilia treni, akiwa na dakika 40 tu mkononi. Katika muda wa nusu saa hivi alikuwa na maneno ya wimbo wa kuwa salama mikononi mwa Yesu, wimbo uliowafariji akina mama wengi waliozika watoto.

Alianza kazi ya kutunga nyimbo za kanisa mwaka 1864, akiwa na miaka 44, na alitunga zaidi ya 8,000. Alizipanga zote akilini kwanza, kisha mtu akamwandikia. Kwa wimbo mmoja alilipwa dola moja au mbili, na haki za wimbo zilibaki kwa mchapishaji. Vitabu vya nyimbo vilijaa kazi zake hata wachapishaji wakaona haya kuweka jina lile lile kila ukurasa, hivyo akatumia majina ya bandia yanayokaribia 200. Kwaya ngapi zimegawanyika kwa sababu ya jina la nani liandikwe kwenye kaseti! Yeye aliridhika wimbo ukiimbwa.

Na hizo dola zilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Alikuwa na marafiki matajiri, lakini aliishi katika vyumba vya kupanga kwenye mitaa maskini ya Manhattan, na alichopata alikigawa upesi. Jioni alikwenda kwenye vituo vya injili vya mtaa wa Bowery na Water Street, kuketi na walevi na watu wasio na makao ambao waumini wengine waliwapita kando. Hakuwakemea. Aliamini kwamba mtu aliyeanguka anajua dhambi zake vizuri, hahitaji kukumbushwa. Anachohitaji ni mtu anayemjali. Wafanyakazi wa reli nao walikuwa vijana wake. Usinipite Mwokozi aliutunga mwaka 1868 baada ya kuzuru gereza, ambapo mfungwa mmoja alilia akiomba Bwana asimpite.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Katika miaka ya baadaye Fanny na mumewe waliishi mbalimbali, ingawa walibaki marafiki hadi Alexander alipofariki mwaka 1902. Sioni haja ya kulificha. Nyimbo zake za kumtegemea Mungu hazikutungwa na mtu ambaye nyumba yake ilikuwa imenyooka kila upande, na nadhani ndiyo sababu zinamfikia hata mtu anayekuja ibadani akiwa na mzigo ambao hawezi kuutaja mbele ya kikundi cha maombi.

Mwaka 1900, nguvu zikimpungua, alihamia Bridgeport, Connecticut, kuishi na jamaa zake. Hata huko aliendelea kutunga na kualikwa kuhutubu. Watu walimwita Shangazi Fanny.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915. Alikuwa ameomba asijengewe kaburi la fahari, na jamaa wakaweka jiwe dogo lenye jina hilo la Shangazi Fanny. Mwaka 1955 watu waliompenda waliweka jiwe kubwa. Lile dogo bado lipo.