James Sumner na Fuwele za Maharagwe

James Sumner alizaliwa Canton, Massachusetts, Marekani, mwaka 1887. Akiwa na miaka 17 alikwenda kuwinda ndege, mwenzake akampiga risasi kwa bahati mbaya, na mkono wa kushoto ukakatwa. Naye alikuwa mtu wa shoto! Akajifunza upya kuandika, hata kucheza tenisi. Alipotaka kusomea kemia huko Harvard alishauriwa aache, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi. Hakukubali.

Mwaka 1917, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Cornell, alianza kutafuta kimeng'enya kilicho safi. Wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika vimeng'enya ni vitu gani. Alichagua yureasi, ambayo huvunja urea ikatoka amonia, nayo imo tele katika aina fulani ya maharagwe. Miaka 9 ikapita. Mwaka 1926 alichanganya unga wa maharagwe hayo na asetoni, akachuja, akaacha maji yake kwenye baridi usiku kucha. Kesho yake, kwa hadubini, aliona fuwele. Zilivunja urea kwa nguvu mno, na zilikuwa protini.

Mabingwa wa Ujerumani walibisha: protini, walisema, ni mchukuzi tu wa kimeng'enya. Lakini mwaka 1930 John Northrop alipata fuwele za pepsini, nazo pia protini.

Leo twajua sababu. Protini ni mnyororo uliojikunja kwa umbo maalum, wenye kishimo kinachoipokea urea barabara. Ukiichemsha, mnyororo hukunjuka na kazi hukoma, ingawa protini yote ingali chomboni.

Sumner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1946, pamoja na Northrop na Wendell Stanley. Alifariki mwaka 1955.