Koilegen na Sheria Iliyogeuza Uzao Kuwa Kosa

Wanafunzi wetu wa Kericho na Bomet humjua Koitalel arap Samoei, shujaa wa Wanandi aliyeuawa kwa hila na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, mwaka 1905. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyeishi huku kwetu, hutajwa kwa nadra sana. Nami naona hapana maisha yamfaayo zaidi mwalimu anapoulizwa darasani uhalifu ni nini, na ni nani aliye na haki ya kuutaja.

Koilegen alikuwa mwana wa Kimnyole, Orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot alitabiri, alibariki vita na kupewa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Mwaka 1890 Wanandi walimpiga Kimnyole marungu hadi akafa, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Machoni pao hawakuua mtu, bali walitimiza hukumu. Wanawe wakagombania urithi, Koitalel akashinda, na Koilegen akaja kuwa Orkoiyot wa Wakipsigis.

Tuzungumze basi juu ya ng'ombe, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Kijana wa Kipsigis aliyerudi na ng'ombe wa Wamasai alipokewa kwa nyimbo. Aliyemwibia jirani yake alilaaniwa. Kitendo kilikuwa kimoja, majina yakawa mawili. Hata hivyo, yule Mmasai aliyeamkia zizi tupu aliumia kweli, na sipendi tulifiche hilo kwa kisingizio cha uzalendo. Ndipo Mwingereza akaja na jina lake la tatu. Mwaka huo huo wa 1905, kwa sababu ya uvamizi wa namna hiyo, jeshi lake liliingia Sotik, likaua watu wanaokadiriwa kuwa 1,850, wanawake na watoto miongoni mwao, na kuswaga maelfu ya mifugo. Kuchukua ng'ombe kuliitwa wizi; mauaji hayo yakaitwa adhabu. Tukipima kwa madhara, je, mhalifu alikuwa nani?

Koilegen alionekana na watawala kuwa kisima cha wizi na uchochezi. Mwaka 1914 alihamishwa pamoja na ndugu zake wawili kwa amri ya utawala. Yeye alipelekwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, naye alifia uhamishoni, mbali na watu wake.

Kifo chake hakikuwatosha. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa malaiboni, na hata jina hilo walilikopa kutoka kwa Wamasai! Ukoo mzima wa Talai, watu wapatao 700, ulibebwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Mtoto mchanga hakuwa ameiba hata ndama, lakini kuzaliwa Talai kulitosha kumfanya mfungwa. Ni kweli kwamba Wakipsigis wengi waliwaogopa Talai, na wako waliofurahia kuondoka kwao. Lakini hofu haijawahi kuwa ushahidi.

Ardhi ya Kericho, nayo, ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi, na tangu miaka ya 1920 makampuni makubwa yakapanda majani chai juu yake. Hapo hapakuwa na mwizi, kwani hati zilikuwa na mihuri.

Talai waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, wakakuta hawana shamba. Miongo mingi baadaye wazao wao walikuwa bado wakiishi kwa kubanana mjini Kericho, huku mashamba ya chai yakienea pande zote. Mwaka 2022 wao na Wakipsigis wenzao waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, wakidai kwamba yale yaliyotendwa kwa jina la sheria yalikuwa makosa.