Sándor Petőfi: Mwanafunzi Aliyeshindwa Historia ya Nchi Yake

Mwalimu anayefundisha ushairi hana budi kuyafahamu maisha ya watunzi. Leo tunayatazama maisha ya Sándor Petőfi, mshairi mzalendo wa Hungaria, kwa kuwa yana jambo linalotuhusu sisi walimu.

Petőfi alizaliwa tarehe 1 Januari 1823 katika mji mdogo wa Kiskőrös. Baba yake alikuwa mwuza nyama. Mama yake aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Wote wawili walikuwa wa asili ya Kislovakia, na jina la ukoo lilikuwa Petrovics. Mtoto alisoma katika shule nyingi. Huko Aszód alifanya vizuri, na mwaka 1838 alitunga shairi la kuiaga shule. Mwaka huo huo mafuriko ya mto Danube na madeni yalimfilisi baba yake. Mwana akapelekwa Selmecbánya, na mapema mwaka 1839 akashindwa somo la historia ya Hungaria. Baba alighadhibika, akaacha kumsaidia. Kijana akaiacha shule, akawa askari, kisha mwigizaji.

Mwaka 1844 alitembea kwa miguu kutoka Debrecen hadi Pest akiwa amechukua mashairi yake. Mshairi mashuhuri Mihály Vörösmarty aliyapenda, akasaidia yachapishwe. Petőfi alitumia lugha ya wakulima na wachungaji. Wahakiki wengine waliidharau, lakini wananchi waliitambua kuwa ni yao.

Wakati huo Hungaria ilitawaliwa na wafalme wa Austria. Tarehe 15 Machi 1848, Petőfi na vijana wenzake waliliteka jengo la kupigia chapa mjini Pest, wakachapisha shairi lake la taifa na madai 12 ya wananchi bila kibali cha serikali. Vita vilipozuka, alijiunga na jeshi. Tarehe 31 Julai 1849 alionekana kwa mara ya mwisho karibu na Segesvár, katika mapigano na jeshi la Urusi lililokuja kuisaidia Austria. Alikuwa na umri wa miaka 26, na maiti yake haikutambuliwa kamwe. Hata leo 15 Machi ni sikukuu ya taifa la Hungaria.

Basi, kijana aliyeshindwa historia ya nchi yake ndiye anayefundishwa katika historia hiyo. Hatusemi kwamba mitihani haina maana. Tunasema kwamba alama huonyesha alichojibu mtoto siku ile tu. Shule ya Aszód ilimpa Petőfi nafasi ya kutunga. Ile ya Selmecbánya ilimpa alama. Nasi tuendapo kufundisha, tuwape watoto nafasi ya kutunga kwa lugha waizungumzayo, wayasome mashairi yao mbele ya wenzao, nasi tuwasikilize kwa makini kabla hatujashika kalamu nyekundu.